Chungwa, Komwe na Maji ya Bamvua

Daftari la mahudhurio la darasa la tano lilikuwa na mtindo wake. Kwa siku kadhaa darasa linafurika, benchi la watatu wanabanana watano. Kisha zinaingia siku ambazo nusu ya wasichana hawaonekani na wavulana wamepukutika. Ofisi iliuita utoro, ikaandika barua kwa wazazi. Mimi nilikuwa mgeni katika kijiji kile cha wavuvi kwenye pwani ya Tanga, mtu wa bara niliyejua mahindi kuliko bahari, na ilinichukua muda kung'amua kwamba watoto hawatoroki ovyo. Walikuwa wakifuata bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, maji hukupwa mbali kabisa, miamba ikabaki wazi, na kina mama hushuka na watoto wao kuchokoa pweza. Mwezi ukiwa nusu yanakuwa maji mafu, bahari haiachi mwamba, na wanafunzi wangu wanarudi kwenye madawati.

Mbele ya watoto hao ndipo niliposimama na chaki kueleza kwamba mwezi ni gimba la angani linaloizunguka dunia. Walinakili vizuri. Sayari walizitaja kwa mpangilio, Zebaki hadi Neptuni, kwa sauti moja, na mtihani wa muhula ulipokuja wengi walifanya vyema. Siku moja baada ya masahihisho niliuliza swali ambalo halikuwa kitabuni: je, mwezi unaweza kuonekana mchana? "Hapana, mwalimu!" Darasa zima. Ilikuwa saa tisa alasiri, na nusu mwezi ulikuwa juu ya bahari, unaonekana dirishani kwa yeyote ambaye angegeuza shingo. Watoto hao hao wangeweza kukuambia kesho maji yatakupwa saa ngapi. Ila walikuwa na miezi miwili, mmoja wa pwani na mmoja wa daftarini, na walijua shuleni unatakiwa upi.

Tangu hapo karibu masomo yangu yote ya anga nimeyafanya kwa vitu vya kushika mkononi. Lakini sidhani kwamba kushika kunatosha. Nimeingia madarasa yenye sayari za karatasi zilizopakwa rangi nzuri, zinaning'inia darini kwa uzi, na watoto wanaokaa chini yake hawajui kwamba Zuhura ndiyo ile nyota kali wanayoiona magharibi jua likishazama. Wamekata, wamegundisha, wamefurahi, na hawakuulizwa kitu. Kwangu kuna maswali mawili ambayo bila hayo zoezi linabaki kuwa mchezo. La kwanza huulizwa kabla mtoto hajagusa chochote: unadhani itakuwaje? Ajibu, aandike, au anyooshe mkono wenzake wamwone. La pili huulizwa mwishoni, na ndilo gumu: mfano huu unadanganya wapi? Maana kila mfano wa anga unadanganya mahali fulani. Mtu hawezi kuileta mbingu darasani bila kuipunguza, na mahali alipopunguza ndipo mtoto atakapopotea asipoonyeshwa.

Tulianza na mwezi, kwa kuwa ulikuwa bure. Kazi ya nyumbani kwa mwezi mzima ilikuwa kuchora duara nyuma ya daftari kila siku, kuandika saa, na kujaza umbo la mwezi ulioonekana. Mzazi mmoja alinisimamisha njiani akicheka: "Mwalimu, watoto wanatafuta mwezi kila jioni, kwani Ramadhani imerudi?" Nikamweleza, naye akasema basi wampelekee babu yao michoro hiyo aikague.

Babu huyo alikuwa nahodha mstaafu, kutwa yuko chini ya mkungu anatengeneza nyavu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akachukua daftari la mjukuu wake na kulisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Akaonyesha mahali ambapo mtoto alikuwa amekisia bila kutazama. Alijuaje? Kwa sababu saa alizoandika haziendi sawa. "Mwezi huchelewa kila siku," aliniambia, "kwa muda wa sufuria ya wali kuiva. Na maji nayo huchelewa vivyo hivyo." Vitabu vinasema dakika 50 kwa wastani, ambao ndio muda wa wali wa watu wengi ukipikwa kwa kuni. Kesho yake niliandika kauli ya babu ubaoni na kuwataka watoto waithibitishe kwa michoro yao wenyewe. Waliokisia walikiri bila kuitwa.

Humo kwenye michoro ndimo ulimotokea ugomvi wa kwanza wa kisayansi niliopata kuuona darasani. Mvulana mmoja alichora mwezi mwandamo umelala chali, ncha zote mbili zinatazama juu, mtumbwi mtupu. Jirani yake alichora umesimama wima, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyo kitabuni. Kila mmoja alimwita mwenzake mwongo. Nikakataa kuamua. Jioni ilipofika wakatoka kutazama, na mtumbwi ukashinda. Karibu na Ikweta jua huzama likishuka karibu wima, na mwezi mchanga unakuwa juu yake, kwa hiyo upande unaong'aa ni ule wa chini. Mwezi uliosimama wima ni wa watu wanaoishi mbali kaskazini au kusini, na mchoro wa kitabu ulitoka huko. Kuanzia siku hiyo watoto walianza kutazama vitabu kwa jicho jingine, jambo ambalo walimu wenzangu wawili hawakulifurahia sana.

Somo lililofuata lilikuwa la taa. Tulifunika madirisha kwa magunia, tukaweka taa ya chemli juu ya meza katikati ya darasa kuwa jua, na kila mtoto akashika ndimu iliyochomekwa kwenye penseli. Kichwa chake ni dunia, ndimu ni mwezi. Unadhani ndimu ikae wapi ili uione yote inang'aa? Wengi walisema karibu na taa. Wakanyoosha mikono kuelekea taa na kukuta upande wanaouona ni mweusi tititi. Wakaanza kugeuka polepole, mkono umenyooka, na ukingo wa nuru ukaanza kuota ubavuni mwa ndimu: mwandamo, nusu, kisha ikazidi nusu. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo chaki haijawahi kuninyamazishia. Walipofika mahali pa kuipa taa kisogo, ndimu ikazimika. Kivuli cha kichwa kilikuwa kimeifunika.

"Inueni mikono kidogo," nikasema, kama nilivyofundishwa chuoni. Wakainua, ndimu zikawaka, mwezi mpevu. Msichana mmoja hakuinua. Alikuwa mmoja wa wale wa pweza, mahudhurio yake yakiwa ya kuhuzunisha. Aliuliza: "Mwalimu, kwa nini tuinue? Mwezi nao unainuliwa na nani?" Kisha akaendelea kabla sijajibu: "Kama hauinuliwi, basi ungepatwa kila bamvua la mwezi mpevu. Na jua lingepatwa kila bamvua la mwandamo. Mbona hatuoni?"

Jibu la kitabu nilikuwa nalo: njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua. Nikalisema. Akatazama ndimu, akatazama mkono wake, na nikaona jibu halijamfikia. Alikuwa na haki. Kwa urefu wa mkono wa mtoto nyuzi 5 ni sentimeta nne au tano tu, na kichwa ni kikubwa kuliko hapo mara kadhaa. Kwa mfano ule tuliokuwa nao, kuinama kwa nyuzi 5 hakuwezi kuukwepesha mwezi na kivuli. Mfano ulikuwa mzuri wa kuonyesha umbo la mwezi na mbovu kabisa kwa swali lake, kwa sababu ulikuwa umeusogeza mwezi karibu mno.

Siku iliyofuata nilikuja na chungwa moja na komwe moja ya bao. Dunia ina upana wa kilometa 12,742 na mwezi kilometa 3,474, kwa hiyo kama dunia ni chungwa la sentimeta 7, mwezi ni kitu cha sentimeta 2 pungufu kidogo. Komwe inatosha vizuri, hata rangi yake ya kijivu inafaa. Niliweka chungwa mezani na kuwaita watoto mmoja mmoja waweke komwe mahali wanapodhani mwezi unakaa. Wa kwanza aliiweka upana wa vidole vinne kutoka kwenye chungwa. Wa pili shubiri moja. Aliyethubutu zaidi alikwenda shubiri mbili, na wenzake wakaguna. Nimelirudia zoezi hili kwa watu wazima, wakiwemo walimu wanaofundisha sayansi, na mkono wao huishia pale pale. Michoro ndiyo iliyowafundisha, kwa kuwa karatasi haina nafasi.

Umbali wa wastani ni kilometa 384,400, yaani dunia 30 zikipangwa foleni. Tulipima kwa uzi uliozungushwa kwenye vijiti viwili, mita 2 na sentimeta 10, urefu wa mlango wa darasa. Yule msichana akapewa komwe aishike mwisho wa uzi. Nikamwambia aipandishe na kuishusha nyuzi 5. Kwa umbali huo ni sentimeta 18, karibu shubiri nzima juu na karibu shubiri nzima chini. Chungwa lenyewe ni sentimeta 7. Hakuhitaji maelezo mengine. Akawaonyesha wenzake kwa kidole jinsi kivuli cha komwe kinavyopita juu ya chungwa bila kuligusa, kisha chini yake, na kwamba ni pale tu njia inapokatiza usawa wa chungwa, na wakati huo huo ukawa ni mwandamo, ndipo kinapolipata; ukiwa mpevu, kivuli cha chungwa ndicho kinachoipata komwe. Nafasi hiyo hutokea kama mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi kivuli huangukia nchi nyingine.

Mfano huu unadanganya wapi? Walitafuta. Jua halimo, akasema mmoja. Tukakokotoa: kwa kipimo hicho jua lina upana wa mita 7 na nusu na ushei, darasa letu lilivyokuwa na zaidi kidogo, na liko umbali wa mita 820. Tukaamua kwamba linakaa kule barabarani ambako magari ya mjini hugeuzia. Kwa wiki nzima baadaye nilisikia watoto wakiambiana "nakwenda juani" wakitumwa dukani huko.

Tarehe 1 Septemba 2016 kivuli kilituangukia sisi. Njia yake kuu ilipita kusini mwa Tanzania, na Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, watu walikusanyika kuliona jua likibaki pete kwa dakika kama tatu. Kwetu Tanga lilikuwa la kupatwa kwa sehemu, sehemu kubwa. Siku zilizotangulia kulikuwa na mashaka. Kiongozi mmoja alishauri watoto wafungiwe madarasani hadi lipite. Jirani yangu alikuwa amejiandaa na filamu ya eksirei ya mguu wake uliovunjika, na nilimsihi aiache, maana giza la filamu haliyazuii macho yasiunguzwe.

Watoto walikuwa na maandalizi yao. Kadi ya boksi yenye tundu la sindano, na kadi nyeupe ya kupokelea, unaligeuzia jua mgongo na kulitazama chini. Na kwenye karatasi, kabla ya siku yenyewe, walikuwa wameandika wanachodhani kitatokea. Karibu wote waliandika kitu ambacho sikuwa nimewauliza: siku hiyo bahari itakuwa ya bamvua. Ilikuwa lazima, kwa kuwa jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa baina yetu na jua, na hapo ndipo bamvua la mwandamo huja. Asubuhi ile maji yalikupwa mbali, na kwa mara ya kwanza tangu nifike kijijini darasa lilijaa siku ya bamvua.

Ilipokaribia saa sita mchana mwanga ulianza kuwa mnyonge, lakini vivuli vilibaki vifupi miguuni, na hilo ndilo lililowafanya hata watu wazima watulie. Hapo mtoto wa darasa la pili, ambaye hakuwa na kadi wala hakualikwa, akapiga kelele chini ya mwembe. Mchanga wote wa chini ya mti ulikuwa umejaa hilali. Mamia, zote zimeelekea upande mmoja, zinatikisika majani yakitikisika. Kila upenyo mdogo kati ya majani ulikuwa tundu la sindano, na kila tundu lilikuwa linalichora jua lililobaki. Watoto waliacha kadi zao. Wengine walitandaza sare zao nyeupe ili hilali zionekane vizuri mgongoni mwa mwenzao. Baadaye mmoja alinijia na jambo lililokuwa likimkera: kama majani yanalichora jua leo, siku nyingine yanachora nini? Tukarudi chini ya mwembe siku iliyofuata. Madoa ya nuru ambayo tumeyakanyaga maisha yetu yote yalikuwa ya mviringo, ingawa mianya ya majani haina umbo lolote. Kila doa lilikuwa picha ya jua zima.

Kwa vivuli ndiko tulikofika mbali zaidi, na kwa gharama ndogo kuliko zote. Ukiwauliza watoto wa shule, na hata wakubwa, kivuli cha mlingoti wa bendera kinakuwaje saa sita mchana, watakwambia hakipo. Wamesoma kwamba jua la saa sita liko utosini. Tulipima mwaka mzima. Mwezi Juni kivuli cha mchana kilianguka kusini, kirefu zaidi ya nusu ya mlingoti. Desemba kikaanguka kaskazini. Katika pwani ya Tanga, iliyoko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, kivuli kinapotea kabisa mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba, tena dakika kumi na kitu baada ya saa sita ikiwa ni Oktoba. Siku hiyo watoto walizunguka mlingoti wakitafuta kivuli chake kama aliyepoteza shilingi.

Mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuo alikuwa Lindi. Lindi iko karibu kusini moja kwa moja ya Tanga, kilometa 550 hivi kwa kupima ramani na rula. Tulipatana kwa simu: siku ambayo kwangu kivuli kinapotea, yeye asimamishe kijiti cha mita moja, akinyooshe kwa timazi la fundi mwashi, na apime kivuli chake kikiwa kifupi kuliko vyote. Kipimo kikaja kwa simu: sentimeta 8 na nusu. Watoto wangu walichora kijiti na kivuli kwa kipimo, wakaweka kipimapembe. Kundi moja lilisoma nyuzi 5 na nusu, jingine 4 na nusu, penseli zao zikiwa butu. Ikiwa kilometa 550 ni nyuzi hizo, duara zima la nyuzi 360 ni ngapi? Wa kwanza walipata kilometa 36,000, wa pili 44,000. Mzingo wa dunia ni kama 40,000. Hesabu hii ilifanywa Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na Eratosthenes, aliyelinganisha vivuli vya Aleksandria na Aswan, na watoto hawakushangaa sana kuhusu yeye. Kilichowashangaza ni kwamba dunia imepimwa kwa kijiti, nao wakiwa hawajatoka nje ya uwanja wa shule.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Mawe yaliyoangushwa kwenye jivu yanatengeneza mashimo yanayofanana na ya mwezini. Zoezi hili watoto hulipenda kupita kiasi na hujifunza kidogo, isipokuwa ukiwaambia kuhusu kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, tani nyingi za chuma zimekaa ardhini bila shimo linaloonekana, halafu ukawaacha wabishane shimo limekwenda wapi. Ufukweni, maji yakikupwa, tuliweka mpira wa miguu kuwa jua na punje ya ulezi kuwa dunia, hatua zipatazo 30 kutoka hapo. Neptuni ilikuwa njegere mita 700 mbali, mtoto aliyeishika akionekana nukta. Nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua ingehitaji kuwekwa umbali wa kilometa zaidi ya 6,000, karibu na Vienna huko Austria. Walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kizibo cha mpira kilichotobolewa na kuchomekwa vali ya tyubu ya baiskeli, na pampu, ni roketi. Kabla ya kurusha walipiga kura: iwe tupu, ijae, au iwe na theluthi ya maji? Wengi walichagua ijae, kwa hoja kwamba nguvu iko kwenye maji. Iliyojaa iliruka kimo cha mtoto ikaanguka. Tupu ililia ikaruka kidogo. Ya theluthi ilipita kilele cha mnazi na kutulowesha sote. Hapo niliwaambia kuhusu Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mwambao huu huu, ambako Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo kwenda kutazama miali ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru. Walitaka kujua kwa nini waje huku wote hao. Kwa sababu karibu na Ikweta ardhi yenyewe inakimbia kuelekea mashariki kilometa kama 1,670 kwa saa, roketi inaondoka ikiwa tayari na mwendo huo, na mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu. Mvulana mmoja akasema baba yake huondoka hivyo hivyo, akifuata mkondo.

Swali lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa la bahari. Watoto walishakubali kwamba mwezi huyavuta maji. Lakini maji hujaa mara mbili kwa siku, na mwezi ni mmoja. Upande ulioelekea mwezi sawa, mbona na upande wa pili yanajaa? Hakuna ndimu wala chungwa linaloonyesha hilo. Mwishowe nilitumia watoto wenyewe. Watatu walisimama mstari mmoja uwanjani, wa nne mbali mbele yao akiwa mwezi. Wa mbele ni bahari ya upande wa mwezi, wa kati ni dunia yenyewe, wa nyuma ni bahari ya upande wa pili. Mwezi huvuta zaidi kilicho karibu, kwa hiyo wa mbele akimbie, wa kati atembee upesi, wa nyuma atembee taratibu. Unadhani itakuwaje? Walidhani wote watasogea mbele, basi. Nikapiga filimbi. Walipotembea kidogo nikawasimamisha. Kulikuwa na pengo mbele ya dunia, na pengo jingine nyuma yake. Wa nyuma hakusukumwa na mtu, aliachwa tu. Kelele zilizopigwa zilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Nikauliza la mwisho, mfano huu unadanganya wapi. Yule aliyekuwa dunia akajibu huku anahema: "Mwalimu, sisi tumekwenda kuelekea mwezini. Dunia nayo inakwenda? Mbona haifiki?" Nikamwambia swali lake linataka kamba na jiwe, akalete, nitamwonyesha kitu kinavyoweza kuvutwa siku zote na kisifike kwa kuwa kinakwenda ubavuni. Akakimbia kuleta kamba. Hajarudi bado, mwenzake aliyekuwa bahari ya nyuma alishanisogelea: "Na huko angani, mwalimu, hiyo kamba ni nini?"